Tuliusomea Dua Mkataba wa Vita

"Dada, usimwambie mama. Niko vitani."

Jamani... nilikuwa nakata gauni la mteja. Mkasi ulinidondoka.

Kwenye video alikuwa mdogo wangu, Ukasha. Kichwa kimenyolewa, magwanda mwilini, nyuma yake handaki la matope.

"Si ulienda kufanya kazi ghalani?"

"Hakuna ghala, dada. Vijana wa huku hawaitaki hii vita. Wakiitwa jeshini wanatoroka, wengine mama zao wanawaficha ndani. Ndo maana wametufuata sisi."

"Rudi basi."

"Nilisaini mwaka mzima. Ukigoma unafungwa... Kesho tunapelekwa mbele. Gerald akija tena huko, mzuieni."

Simu ikakatika.

Gerald ndiye wakala aliyempeleka. Na moyo ukanilipuka paa, kwa sababu Gerald alishakuja. Saa hiyohiyo alikuwa Kilole, Korogwe, kwa mama mdogo Maryamu, kumchukua binamu yetu Salimu. Mama yangu naye alikuwa huko tangu jana, anasaidia kupika.

Nikafunga cherehani, nikatoka Handeni mbiombio.

Nafika, turubai limefungwa, ubani unafuka, sufuria za pilau zimefunikwa. Kwetu kijana hasafiri hivihivi. Anasomewa dua, na karatasi zake za safari zinawekwa katikati ya mkeka nazo zipate baraka. Dua ikiisha, anasaini mbele ya wazee.

Salimu alikuwa kakaa na kanzu mpya, kalamu mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba tuongee pembeni."

"Marahaba. Pembeni kuna nini? Kaa, shehe anaanza."

Kisha akawageukia wenzake kwa maringo.

"Huyu ndiye dada yake Ukasha. Ukasha wangu anasimamia ghala huko Ulaya."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasimama.

"Shehe, naomba usisome. Huo ni mkataba wa jeshi. Ukasha yuko vitani."



Gerald akacheka. "Dada ana wivu tu. Hiyo lugha unaijua wewe?"

"Siijui. Simu inaijua."

Nikapiga picha ukurasa wa kwanza, nikampa Salimu simu asome tafsiri mwenyewe. Akasoma kwa sauti.

"Utumishi wa kijeshi... mwaka mmoja... eneo la mapigano..."

Akaiweka kalamu chini taratibu. Tunageuka kumtafuta Gerald, gari lake lishawashwa.

Mama mdogo akanikumbatia analia. Wazee wananiombea. Ndugu zangu, hapo ningenyamaza tu, leo ningekuwa shujaa wa Kilole.

Ila mama alikuwa ananiangalia.

"Hajira. Hiyo ya kupiga picha karatasi, umeijua lini?"

Naomba mnisikilize hapa, na mkitaka kunitukana mnitukane.

Siku ya dua ya Ukasha, nilifanya hivyohivyo. Jikoni, peke yangu, kabla karatasi hazijawekwa mkekani. Nikaona neno "kijeshi" kwa macho yangu. Nikatoka niseme. Nikakuta shehe ameshakaa, wageni wameshanawa mikono, mama kavaa dera jipya, anatabasamu ambavyo sikuwahi kumwona tangu baba afariki.

Nikaona aibu kuvuruga shughuli ya watu. Nikajiambia labda simu imekosea. Nikarudi jikoni, nikapakua pilau.

"Siku ile ya Ukasha, mama," nikasema. "Kabla hajasaini."

Hakunipiga. Hakulia. Aliokota mtandio wake, akaenda kukaa karibu na Salimu, akamshika mkono, hakuuachia mpaka watu wakaondoka.

Huu mwezi wa pili hajanisemesha. Nikimwamkia anageukia ukutani. Ukasha hajapiga tena, na namba yake haipatikani.

Wewe unayesoma hapa, ukiona jambo baya, liseme, hata kama chakula kimeshaiva. Wale wageni wangeondoka na njaa, wangetusema wiki nzima, kisha wangesahau.