Rispa Avuka Mpaka

Rispa alikuwa akianika mihogo nje ya nyumba yake, karibu na Isebania. Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Simu ikalia. Alikuwa Joyline, binti yake, aliyeolewa Tarime, ng'ambo ya mpaka.

"Mama, nimejifungua," Joyline alisema. "Ni msichana. Lakini amezaliwa kabla ya wakati. Ni mdogo sana. Njoo, mama. Siwezi peke yangu."

Rispa aliacha mihogo, akaanza kufunga nguo. Mumewe, Gisiri, alitoka zizini.

"Pale mpakani wanataka cheti cha korona, na wewe huna," Gisiri alisema. "Tupitie njia ya panya, kule kwa mashamba ya tumbaku. Nitakusindikiza."

"Twende," Rispa alisema.

Njiani walikutana na jirani yao, Dorine, mhudumu wa afya wa kijiji. Rispa akamweleza habari za Joyline.

"Hongera, nyanya!" Dorine alisema. "Lakini umepimwa?"

"Nipimwe nini? Sikohoi. Sina homa."

"Mama Joyline, mtu anaweza kuwa na korona na asijue. Anajiona mzima, kumbe anaambukiza wengine. Na huyo mtoto mapafu yake bado hayajakomaa. Akiipata, anaweza kushindwa kupumua."

Gisiri alikasirika. "Unatuchelewesha! Binti yetu analia huko."

"Baba Joyline, ni siku mbili tatu tu. Kesho asubuhi nitawapeleka hospitali ya Migori mimi mwenyewe. Mama akiwa hana ugonjwa, atapewa cheti. Atapita mpakani bila kujificha."

Rispa aligeuka, akarudi nyumbani.

Kesho yake walipimwa wote wawili. Muuguzi aliingiza kijiti chembamba puani. Machozi yalimtoka Rispa, lakini ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Siku iliyofuata Dorine alileta majibu. Alisimama mbali, uani.

"Baba Joyline hana. Lakini wewe, mama, una korona."

Rispa alikaa chini. "Mungu wangu! Na ningembeba yule mtoto!"

Alimpigia Joyline simu, wakalia pamoja.

"Kaa upone kwanza, mama," Joyline alisema. "Wauguzi wananifundisha kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Nitajaribu."

Rispa alijitenga chumbani, madirisha wazi. Gisiri alivaa barakoa na kumwachia chakula mlangoni. Ugali wa kwanza alioupika ulikuwa kama uji. Rispa alikula hivyo hivyo.

Baada ya siku kumi na nne alipimwa tena. Korona haikuonekana.

"Nenda leo," Dorine alimwambia. "Cheti hiki kina muda wake. Ukikaa nacho siku nyingi, hakitakubaliwa."

Mpakani, ofisa alipima joto la mwili wake. Alisoma cheti, akatazama kitambulisho.

"Pita, mama. Safari njema."

Rispa alipita barabara kubwa, mchana, bila kuogopa mtu.

Alipofika kwa Joyline, Tarime, alinawa mikono kwa sabuni. Hakuvua barakoa. Joyline akamwekea mtoto mikononi. Mashavu yake yalikuwa yameanza kujaa.

Rispa alimpigia mumewe simu.

"Anapumua vizuri?" Gisiri aliuliza.

"Anapumua. Ameshika kidole changu, hataki kukiachilia."

Gisiri akacheka kwa sauti.

"Mwambie babu yake anakuja," alisema. "Kesho naenda Migori kupimwa."