Bati la Darasa la Nne

Adhuhuri ile mwarobaini wa nje ya darasa la nne haukutikisa hata jani, lakini bati moja la paa lilikuwa likipiga mluzi.

Rosa Kiden, mpishi wa uji wa shule, aliinua mwiko akasikiliza. Mluzi ulikuwa mwembamba, ukipanda na kushuka, kama wa mtu anayemwita mbwa kwa siri. Aliufuata kwa macho hadi ukingoni mwa paa, akaliona: bati lenye mkunjo katikati, lililonyooshwa kwa nyundo, lenye doa la kutu ambalo mvua haikulileta.

Alilijua. Dhoruba ilipopiga mji wa Koboko, ikalaza migomba, ikabomoa kuta za udongo na kuling'oa paa la shule hii, bati hilo ndilo lililoruka hadi sokoni na kumkata Santo, mumewe, akiwa ameinamia magunia yake ya mihogo. Na mtaani kwao, kitu kilichoua mtu hakirudi kazini mpaka mwenye msiba aulizwe. Hulazwa kifudifudi uwanjani, huoshwa, ndipo ruhusa huombwa. Rosa hakuulizwa. Na chini ya bati hilo ndipo alipokaa bintiye, Patience.

Alimkuta Yengi akipima mbao. Yengi ndiye mkandarasi aliyejenga paa la kwanza, na ndiye aliyepewa tena kazi ya kulirudisha.

"Bwana Yengi, nani alikupa ruhusa ya lile bati?"

"Mama Patience, bati iko bati tu. Watoto walikuwa wanasoma kwa jua, wewe ulitaka tungoje maombi?"

"Mlipita mlangoni kwangu mmelibeba. Hata hodi iliwashinda?"

"Upepo iko ya Mungu. Enda ugombane na yeye."

Mafundi wakacheka. Rosa alimnyooshea Yengi mwiko.

"Upepo ni wa Mungu, sawa. Na ile misumari mifupi ya paa la kwanza, isiyo na mipira ya kushikia bati, iko ya nani?"

Kicheko kikakatika. Papo hapo darasa la nne lilipasuka kwa mayowe, watoto wakamwagika nje wakikanyagana, na Rosa alipojipenyeza kati yao hadi mlangoni alipigwa puani na harufu ya kutu iliyochanganyika na mihogo iliyooza, akaona vumbi la chaki likizunguka sakafuni taratibu ilhali hakukuwa na upepo, kurasa za madaftari zikijifunua zenyewe, na katikati ya madawati matupu Patience ameketi wima, macho darini, midomo ameifanya duara, akipiga mluzi uleule wa bati bila kuvuta pumzi hata mara moja.

"Mwiteni Shehe Asuman," alinong'ona mwalimu, ambaye kila Jumapili huongoza kwaya.

Shehe alikuja na chetezo cha ubani na bakuli la maji. Alimnyunyizia mtoto, akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe nani?"

Mluzi ulisita. Kooni mwa Patience ikatoka sauti nzito, ya kale.

"Mimi mupita njia. Nilipanda bati, upepo ukatubeba. Nikakunywa damu, nikalala. Huyu akanipigilia misumari nikiwa usingizini."

"Umwache mtoto."

"Aliyepigilia ang'oe."

Shehe alimgeukia Yengi, aliyesimama mlangoni. "Panda. Lakini sikia: kabla mguu wako haujagusa ardhi, umwambie huyu mama ukweli wa lile paa. Uongo ni mlango. Hii kitu itatafuta mlango."

"Mimi? Mafundi si wako hapa?"

Rosa alimtia nyundo mkononi. "Panda, Yengi, kabla sijakupandisha na mwiko."

Akapanda. Kila msumari ulipotoka, mluzi ulizidi ukali, watu wakaziba masikio, mbwa wa jirani wakalia, na msumari wa mwisho ulipochomoka bati liliinuka lenyewe, likajizungusha juu ya vichwa vilivyoinama, likatua uwanjani kifudifudi. Ndani, Patience alikohoa vumbi jekundu, akavuta pumzi.

"Mama, nina kiu."

Rosa alimbeba nje. Yengi alikuwa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, jasho likimtiririka, watu wote wakimtazama.

"Sema," Shehe alimhimiza.

Yengi alijifuta uso kwa mkono. "Mimi nilijenga vizuri. Ni upepo tu uu..."

Neno lile halikuisha. Lilirefuka, likawa jembamba, likapanda, likashuka. Midomo yake ikawa duara. Alijishika koo kwa mikono miwili, macho yakimtoka, na mluzi ukaendelea.

Mwarobaini haukutikisika.

"Mama Patience," Shehe alisema kwa hofu, "wewe ndiye mwenye msiba. Ukitoa ruhusa ya bati, huenda kitu hiki kikamwachia."

Rosa alimfunga bintiye kitenge mabegani, taratibu. Alimkumbuka Santo juu ya magunia. Aliwakumbuka wanaume waliopita mlangoni pake na bati begani, wakizungumza habari za mpira.

"Nitatoa," alisema. "Kwanza aniulize."

Akamshika Patience mkono, wakashika njia ya nyumbani. Nyuma yao Yengi alitapatapa akitafuta maneno, na mluzi ukawafuata hadi barabarani, ukipanda, ukishuka, ukiita.