Moyo Unaposhtuka

Kila asubuhi Esnath, mwanafunzi wa darasa la sita, alikata majani ya ng'ombe, akanawa uso kwa maji ya Tukuyu yanayochoma kwa baridi, kisha akakimbia mpaka shuleni. Kwa mbio hakuna aliyemfikia. Jumamosi angeshindana wilayani, na kijiji kizima kilikuwa kikimsubiri.

Jumatano, kengele ya shule iligongwa ghafla nyuma yake. Esnath alianguka kama gunia, akazimia. Mwalimu Mudathiri alimwita mama yake Esnath, wakamkimbiza hospitali.

Siku hiyo alikuwepo Daktari Siham, binti wa fundi cherehani wa pale mjini, ambaye sasa anatafiti magonjwa ya moyo yanayorithiwa.

"Umewahi kuanguka hivi, mwanangu?"

"Hapana, Daktari. Ni njaa tu, sikunywa chai."

Uongo mtupu! Alikunywa chai, tena na viazi juu. Aliogopa kunyimwa mbio.

Mama alisema polepole, "Kaka yangu Asajile alishtuliwa na honi, akaanguka. Hakuamka tena."

Daktari hakumkemea mtu. Alimwonyesha Esnath video kwenye simu: nyuzi nyembamba zikimetameta.

"Hizi ni seli za neva. Ndizo zinazouamuru moyo uende mbio ukishtuka. Tulichukua seli za damu ya mgonjwa, tukazirudisha utotoni, tukazilea upya mpaka zikawa neva. Tunaziweka pamoja na seli za moyo, tuone mshtuko unavyovuruga mapigo, bila kumhatarisha mtu."

"Kumbe ziko hai!" Esnath alibaki mdomo wazi. Watu wanahangaika hivi kuujua moyo, naye anaficha wa kwake! Aibu ikamshika, machozi yakamtoka.

"Daktari, nimedanganya. Niliwahi kuanguka radi ilipopiga, na tena pikipiki ilipolia. Nilinyamaza ili nikimbie."

Kipimo kilionyesha hitilafu ya mapigo ya moyo. Esnath alipewa dawa za kila siku, na mbio zikasitishwa. Kwa kuwa ugonjwa huo hurithiwa, mdogo wake Amoni naye aliitwa siku hiyohiyo; alipopimwa, alikutwa na hitilafu ileile kabla hajaanguka hata mara moja. Mama aliridhia damu yao ipelekwe maabara.

"Ndaga fijo, Daktari, asante sana," alisema huku akilia.

Esnath naye alilia, kwa sababu ya Jumamosi. Daktari akamshika bega.

"Utafiti wangu utachukua miaka, mwanangu. Wewe umemwokoa mdogo wako leo, kwa kusema kweli. Anayekutibu usimfiche kitu."