Koili ya Théotime

Placide Aucoin alikwisha chomoa ufunguo na kuutia mfukoni, lakini taa nyekundu ya chaji iliendelea kuwaka mbele ya usukani wa mashua yake ya uvuvi.

"Altaneta hiyo," alisema Edwige Chiasson, fundi wa injini za mashua pale bandarini. "Inavujisha umeme kinyumenyume."

Akaibadilisha, taa ikazimika. Lakini alipoinamia injini alinusa mwani uliooza, na harufu haikutoka majini, ilitoka kwenye koili, kile chuma kinachozipa plagi umeme wa cheche, kuukuu, ambayo hakuwahi kuiona humo. Akafunga kifuniko. Msimu wa kambakoche ulikuwa umefunguliwa, kila mtu alikuwa mbioni.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, ukungu ulishuka. Redio ya karakana ikakoroma.

"Edwige, injini imezimika!" Placide alipiga kelele kutoka baharini. "Mkondo unanisukuma kwenye miamba."

Léonide, mke wa Placide, alikuwa amepita kuacha mkate. Akasimama palepale. Walinzi wa pwani waliitwa. Walisema watachukua saa nzima.

"Tulia, kaka," Edwige alisema. "Pima betri kwanza. Inasemaje?"

"Volti kumi na mbili nukta sita."

"Basi betri ni nzima. Sasa..."

"Edwige," sauti ya Placide ilikatiza, ikitetemeka. "Sijapima bado. Ndiyo kwanza natafuta kipimo."

Wanawake wale wawili walitazamana.

"Nani yuko na wewe humo?" Léonide alinong'ona.

"Niko peke yangu, mke wangu."

Edwige alisogeza kinywa karibu na redio. Hakujua la kufanya zaidi ya kazi yake. "Chomoa waya wa plagi, usogeze karibu na chuma, piga stata. Cheche ina rangi gani?"

"Bluu," ilijibu sauti ile nyingine, taratibu, kama ya mtu mwenye maji kinywani. "Nzuri sana."

Ndipo Edwige alipouliza lile alilopaswa kuuliza jana. "Placide, koili ile umeitoa wapi?"

Placide mwenyewe alijibu: "Kwenye mashua ya marehemu Théotime, yule aliyekufa maji. Ilikuwa inaoza tu ufukweni. Sikumwambia mjane wake."

"Mungu wangu! Ing'oe! Itupe baharini!"

Léonide alikwisha toka mbio. Alirudi akimkokota Bibi Exilda, yule ambaye kijiji kizima humkimbilia mtu akikatwa na kisu, kwa kuwa sala yake husimamisha damu. Bibi aliweka kiganja juu ya redio, akafumba macho, akaanza kusali. Midomo yake ikaganda katikati ya neno. Akauondoa mkono wake kama aliyeungua.

"Mimi huzuia damu, wanangu. Huyu hana damu."

"Basi mwombe, bibi! Mbembeleze!" Léonide alilia.

"Nimemwomba. Anacheka."

"Nimeitupa," Placide alisema. "Nimeing'oa nikaitupa, Edwige, na nyaya za betri nimezikata kwa kisu, na hakuna kitu kilichounganishwa humu, hakuna hata kimoja, lakini injini inawaka, unaisikia? inawaka yenyewe na usukani unazunguka na kiti changu kimelowa na kuna mtu anavuta pumzi nyuma ya shingo yangu na mimi siwezi kugeuka, siwezi, Léonide, mwambie aniache, mwambie..."

Redio ikanyamaza. Edwige aliita mpaka sauti ikamkauka. Pembeni, Léonide alishikilia ukingo wa meza, akitikisa kichwa tu.

Baada ya nusu saa wakasikia injini. Mashua ilitokea ukunguni polepole, ikaegemea gati kwa ustadi ambao Placide hakuwahi kuwa nao. Placide alishuka, mzima, maji yakimchuruzika.

"Placide! Mume wangu!" Léonide alimkumbatia. Mikono ya mwanamume ilibaki kando. Akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, akamsogeza kwa upole.

"Samahani, mama," alisema, na sauti ilikuwa na maji ndani yake.

Akapanda mlima kuelekea kijijini. Watatu wale walimfuata kwa mbali, hakuna aliyethubutu kumshika. Alipita nyumba yake bila kugeuza kichwa, akafika kwa mjane wa Théotime, akazunguka hadi mlango wa nyuma, akagonga mara mbili, kama alivyozoea Théotime kila alipotoka baharini.

Mjane alifungua. Alimtazama muda mrefu, mkono kifuani.

Kisha akasogea kando, akampisha aingie.