Vazi la Kuogelea la Mama Fundi

Ndugu zangu, leo nasema nanyi wenye wazazi, na atakayenuna na anune.

Jirani yangu Mama Fundi alikuwa akishona barazani kila asubuhi, mguu kwenye pedali ya cherehani, mdomo kwenye utani. Ukipita na suruali imekubana atakuambia, "Leta niitanue, au upunguze kula!" Tunacheka, tunaenda zetu kazini.

Shida ilikuwa kifua. Kila mafua yaliyopita mtaani yaliingia kwake bila hodi. Muuguzi wa zahanati akamweleza: "Mama, kinga ya mwili nayo huzeeka. Mazoezi hayairudishii ujana, ila yanaweza kuisaidia isichakae upesi. Magoti yako hayataki safari, basi ingia bwawani, maji yatakubeba." Akajiunga na wanawake wa rika lake kwenye bwawa la shule, wakitembea majini na kurusha mikono. Haukupita muda akawa anapanda ngazi bila kushika ukuta.

Ndipo akaja kifungua mimba wake, mwenye duka la samani.

"Mama, kifua kibovu na maji wapi na wapi? Watu watasema nimekutupa!"

"Hao watu ndio wanaonikoholea?"

Wapi! Alichukua vazi la kuogelea akalifungia kwenye gari lake. Akafunga madirisha, akaleta blanketi na televisheni, akamwambia mama atulie. Mnaona? Hakumpiga, hakumnyima chakula. Alimnyima mwili wake mwenyewe, kisha akaita mapenzi. Mimi roho iliniuma, na nilimwambia usoni.

Mama akatulia. Miguu ikalegea hata pedali ikamshinda, cherehani ikafunikwa. Mwishowe homa ya mapafu ikamlaza hospitalini, tukaogopa kumzika. Yule muuguzi alipokuja kumtazama, akamgeukia mwana.

"Siwezi kuapa kwamba kukaa ndiko kulikomletea ugonjwa. Lakini mwili mmeuweka kama kabati, mlitaka upigane kwa nguvu gani?"

Mungu si mwanadamu, mama akapona. Daktari alipomruhusu kurudi majini, alifunua cherehani, akazungusha gurudumu kwa mkono, akajishonea vazi jipya kwa vipande vya jezi za mpira. Mgongoni namba tisa, kubwa! Akasimama mlangoni nalo kwapani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Bwawani. Ukitaka kunizuia, nibebe, ila naonea huruma mgongo wako."

"Na nikikupoteza?"

"Ulishaanza kunipoteza, mwanangu, na nilikuwa nimekaa hapo kwenye kochi unaniona."

Mwana akafuta macho, akampisha. Mama akapita.

FUNZO

Mzazi si chombo cha kabatini. Kama daktari amemruhusu maji, mpeleke. Kama huwezi kumpeleka, ondoka mlangoni. Na ninyi wazee wenzangu mliofunikwa blanketi mchana kweupe, lifunueni. Hofu ya watoto wenu isiwazike mkiwa hai.