Mfuniko wa Tangi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliosha pikapu ya baba yake. Jina la Chiriku alipewa kwa wingi wa maneno. Tangu anapofumbua macho mpaka anaposinzia, mdomo wake haukujua likizo. Akimaliza kuosha, alimimina petroli kutoka kwenye dumu, akafunga tangi, kisha baba akapakia mikate ya kupeleka madukani. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, limepakwa rangi juu ya rangi, lakini ndilo lililowalisha.

Jumatatu moja aliufungua mfuniko wa tangi ausugue mpaka ung'ae. Aliuweka ukingoni mwa mtaro, akageuka kusuuza kitambaa, mara akasikia chubwi! Maji machafu yakaenda nao. Lahaula! Baba yake alikuwa na mkono mwepesi. Wiki iliyopita tu alimchapa mkanda kwa kuvunja kikombe, kikombe tu jamani! Chiriku akakunja mfuko wa nailoni, akauziba mdomo wa tangi, akauzungushia mpira wa baiskeli mara nne na kuukaza kwelikweli. Kisha akafunga kimlango cha bodi kinachofunika mdomo wa tangi. Hakuna aliyemwona.

Siku ileile gari likaanza vituko. Lilikwenda dakika ishirini, likakohoa, likazima. Likipumzishwa, linawaka tena kana kwamba halijawahi kuugua.

Baba akalipeleka kwa Fundi Polepole, mtu mtaratibu mwenye gereji karibu na njia panda. Jumanne Fundi akabadilisha plagi. Likazima. Jumatano akasafisha kabureta. Likazima vilevile. Alhamisi akajikuna kichwa, akamgeukia Chiriku.

"Binti, wewe ndiye unayejaza mafuta. Mfuniko wa tangi ni mzima?"

Chiriku akatupa jicho kando. Baba alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni.

"Mzima kabisa, Fundi. Nimeufunga mwenyewe asubuhi."

"Haya, nimekuamini," akasema Fundi, akaenda kubadilisha pampu ya mafuta. Jioni hiyo Chiriku hakusema neno nyumbani, mpaka mama yake akamuuliza kama anaumwa jino.

Ijumaa baba alikuwa akimpeleka shule, mikate imejaa nyuma. Katikati ya njia panda gari likakohoa, likazima. Lori likaja kwa kasi upande wa Chiriku, honi inapiga, breki zinalia.

"Baba!"

Lori lilikwepa kidogo tu, likaparuza ubavu wote wa pikapu. Kioo kilipasuka, vipande vikamrukia Chiriku usoni, damu ikamtiririka shavuni. Mikate ilimwagika barabarani.

Dereva wa lori, pande la mtu, akateremka mbio. Akamvuta baba kwa kola na kumtandika ngumi ya mdomo. "Hapa ndipo pa kuegesha gari? Unataka kuniua?" Baba akaanguka, akaongezwa mateke ya mbavu, mpaka wapita njia wakamwondoa yule mtu kwa nguvu. Wengine wakaisukuma pikapu hadi mlangoni mwa gereji.

Baba akainuka, akatema damu. Macho yalikuwa yamemwiva. Akachukua spana ya magurudumu nyuma ya kiti.

"Fundi gani yule! Mwongo mkubwa! Karibu amuue mwanangu. Leo atanitambua."

"Baba, ngoja! Nina neno la kukwambia!" Chiriku akamng'ang'ania shati. Akasukumwa kando kama kreti tupu.

Fundi Polepole alikuwa akijifuta mikono. "Kulikoni, ndugu yangu?" aliuliza, na jibu lake likawa chuma cha bega. Akainua mkono wa kulia ajikinge. Pigo la pili likatua kwenye mkono huo, na Chiriku akausikia mfupa ukivunjika, ka! Fundi akaanguka chali juu ya oili iliyomwagika, akalia kwa sauti. Baba akaiinua spana mara ya tatu, na safari hii alilenga kichwa.

Woga wa mkanda ulimtoka Chiriku hapohapo. Akajitupa juu ya kifua cha Fundi.

"Nipige mimi! Ni mimi, baba! Mfuniko niliupoteza! Nimeziba tangi kwa mfuko, nikadanganya!"

Spana ikabaki hewani.

"Kautoe huo mfuko," akasema Fundi akiuma meno.

Chiriku akaenda, akafungua ule mpira. Mfuko ulipochomoka, tangi likavuta hewa kwa nguvu, fssss, mpaka watu wakarudi nyuma. Baba akazungusha ufunguo. Gari likawaka.

"Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake," Fundi akasema. "Mfuniko una kitundu cha kazi hiyo. Mfuko wako ulilikaba tangi koo, binti. Na mimi ningeinama nikaangalia, nisingekuwa hapa chini."

Baba akaitupa spana. Wakambeba Fundi, wakamkimbiza hospitali. Daktari alimfunga plasta ngumu, akamwambia asishike kazi kwa miezi miwili.

Chiriku alisimama kando ya kitanda akilia kwa kwikwi. "Nisamehe, Fundi. Niliogopa kupigwa."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize vizuri. Mfuniko uliopotea ni kosa dogo, duka lolote linauza mwingine. Ule uongo wako ndio uliokupeleka mbele ya lori, ukanilaza mimi hapa. Ukikosea, sema siku ileile, kosa likiwa bado dogo." Kisha akamtazama baba. "Na wewe, ndugu yangu, umemlea mtoto mpaka anakuogopa wewe kuliko lori. Hilo nalo ni lako kulitengeneza. Mimi siliwezi."

Machozi yalimtoka baba mbele ya wauguzi, na hakuyafuta.

Kutoka hospitali hakwenda nyumbani. Alikwenda kituo cha polisi, akamweleza askari kwa kinywa chake jinsi alivyomvunja mkono mtu asiye na kosa. Chiriku alisimama karibu naye, akasema na sehemu yake yote, bila kuruka neno.