Nukta Iliyoota Mkia

Kalvati ilikatika magurudumu ya mbele yakiwa yamekwisha vuka. Landrova ikasita, ikainua pua juu, kisha ikarudi kinyumenyume na kuanguka kwa ubavu ndani ya kijito ambacho, juma moja nyuma, mbuzi angalikivuka bila kulowa magoti. Sasa kilikuwa maji mekundu yanayonguruma, yamebeba magogo na mizizi ya migomba. Sajini Chirau alitoka kupitia dirishani, bunduki mgongoni, kinywa kimejaa matope. Alipogeuka hakumwona dereva wake.

“Musyoki! We Musyoki!”

“Niko huku, afande! Mguu umeshikwa!”

Chirau alirudi majini. Alishika mlango kwa mkono mmoja, akamvuta kijana kwa mkono wa pili, na gari lilipobiringika mara ya pili mguu ukachomoka. Mlio uliosikika haukuwa wa chuma. Wakatambaa ukingoni, nao wakaiona Landrova ikienda zake na redio ya mawasiliano, dumu la maji, chakula na sanduku la risasi, hata ikapotelea kwenye kona ya mto.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1997, mwaka wa mvua za El Nino, ambapo Kwale nzima ilikatikakatika kama mkeka mkuukuu. Chirau alikuwa askari wa wanyamapori, mtu wa Msambweni, mwenye miaka hamsini na miwili. Musyoki, dereva wake, alikuwa Mkamba aliyezaliwa katika mashamba ya walowezi wa Shimba Hills, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na saba. Walikuwa wakiteremka kutoka uwanja wa shabaha wa milimani. Mkuu wa kituo, Bwana Thoya, alikuwa amempa Chirau kifaa kimoja cha kulengea akijaribu siku tatu, kisha amletee jibu: je, bunduki zote saba za kituo zifungwe kifaa hicho, au zibaki na tundu lao la kale la kulengea?

Kifaa chenyewe kilikuwa kikopo cheusi chenye kioo, kikifungwa juu ya bunduki. Ndani yake iliwaka nukta nyekundu. Mtu aliiweka nukta juu ya kitu, akafyatua, basi. Vijana wote wa kituo walikisifu. Chirau naye alikuwa amekwisha kata shauri kukisifu, kwa sababu ambayo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Aliupasua mguu wa suruali ya Musyoki. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, umejikunja chini ya ngozi, lakini haukutoboa. Alikata vijiti viwili, akavifunga kwa vipande vya kikoi alichokuwa amekivaa ndani ya koti.

“Uma kitu.”

“Nitauma nini, afande?”

“Uma mkanda wangu. Bismillahi.”

Alipounyosha mguu, Musyoki aliuachia mkanda akapiga yowe lililowarusha ndege mitini. Kisha akalala chali, jasho limemtoka, akatabasamu kwa shida. “Huu mkanda una ladha ya miaka yote ya utumishi wako, mzee.”

“Na meno yako yameufupisha. Barabara kuu iko upande wa mawio, kilomita tisa. Tutakwenda polepole.”

Turubai la gari lilikuwa limenasa kwenye kichaka cha ukingoni. Chirau alilitandika, akamlaza Musyoki juu yake, akajifunga kamba kifuani na kuanza kuvuta juu ya majani mabichi. Alihesabu risasi zilizokuwa ndani ya bunduki. Zilikuwa nne.

Hawakuwa wamekwenda hata nusu kilomita Chirau alipoona damu juu ya majani, damu isiyokuwa yao. Kando yake palikuwa na kwato pana zilizozama ndani ya tope, na mti mchanga ulioparuliwa kwa waya. Akaelewa mara moja. Ilikuwa nyati aliyenaswa na mtego wa majangili akaukata, akaondoka na waya shingoni na hasira moyoni. Mnyama wa namna hiyo hakimbii watu. Huzunguka, hurudi nyuma, akawangoja njiani.

“Afande, mbona umesimama?”

“Nyamaza kidogo.”

Kichaka kikatoa pumzi. Hatua arubaini mbele, kichwa cheusi kikajitokeza, pembe zimepakwa matope, jicho moja limefungwa kwa uvimbe. Chirau aliinua bunduki, akazungusha kitufe cha kikopo hadi mwanga wa mwisho kabisa, maana ndivyo alivyozoea kufanya. Nukta ikawaka. Lakini ndani ya jicho lake haikuwa nukta. Ilikuwa nyota iliyoota mkia, mwale mwekundu uliolala mshazari, na pembeni yake kivuli cha nyota ya pili. Alichagua katikati ya mkia, kama alivyochagua siku tatu mfululizo mbele ya mbao za shabaha zisizokimbia. Akafyatua.

Gome la mti likaruka, pima moja kando ya nyati. Mnyama akageuka. Chirau akafyatua tena, na safari hii hakujua hata risasi imekwenda wapi. Nyati akazama kichakani.

Chirau akaishusha bunduki.

“Afande,” Musyoki akasema taratibu, “wewe hukosi. Kituo kizima kinajua wewe hukosi.”

Chirau alimvuta mwenzake hadi kwenye mwamba uliochongoka wenye pango fupi, akaziba mdomo wa pango kwa matawi ya miiba, na humo wakausubiri mchana wa pili, mmoja akitetemeka kwa homa, mwingine akihesabu risasi mbili kwa vidole kana kwamba hesabu ingebadilika.

Asubuhi jua lilitoka kali, kama halikupata kuisikia mvua. Chirau alikusanya maji yaliyotuama kwenye majani mapana, akayachuja kwa kitambaa, akamnywesha Musyoki mafunda mawili. Uso wa kijana ulikuwa wa moto, na vidole vya mguu wake vilianza kuvimba na kubadilika rangi. Mguu ule haukuwa na siku mbili zaidi. Huenda haukuwa hata na siku moja.

Aliswali kwa kukaa, uso kibla, bunduki mapajani. Alipotoa salamu, akasema, pasipo kumtazama mwenzake:

“Musyoki, chukua bunduki hii. Tazama ndani ya kioo. Nieleze uionavyo nukta.”

Musyoki akaiegemeza kifuani, akafumba jicho moja. “Iko sawa. Kaduara kadogo. Kama punje ya mtama.”

“Haina mkia?”

“Mkia? Mzee, nukta itakuwaje na mkia?”

Chirau akaichukua, akatazama. Mkia ulikuwa pale pale. Akafungua vishikio viwili, akakitoa kikopo juu ya bunduki, akakiinua mbele ya jicho na kukizungusha kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Kikopo kilizunguka, mkia haukuzunguka. Kisha akakishika imara, akakilaza kichwa chake begani. Hapo mkia nao ukalala pamoja na kichwa.

Hapakuwa tena na mahali pa kujificha. Kifaa kilikuwa kizima. Kibovu kilikuwa kioo ambacho Mola alimpa tangu tumboni mwa mamaye, kioo cha jicho ambacho hakikuwa mviringo ila kimevutika kama yai, kikiuvuta kila mwanga mdogo ukawa uzi.

“Nimejua kwa miaka mitatu kwamba taa za barabarani zina miale,” akasema. “Nikasema ni uzee. Nikasema ni vumbi. Na kila mwaka daktari alipokuja kituoni kutupima macho, nilikaa mwisho wa foleni. Wenzangu walisoma herufi za ubao kwa sauti, mstari kwa mstari. Mimi nilihifadhi juzuu thelathini za Kurani kwa masikio, Musyoki. Herufi ishirini za ubao zingenishinda? Zamu yangu ilipofika nilizisoma zote, na daktari akanipongeza.”

Musyoki alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikamtikisa mguu, akalia na kucheka kwa pamoja. “Yaani mimi niko huku msituni nikilindwa na bunduki ya kukariri!”

“Cheka. Ni haki yako.”

“Na ungemwambia nini Bwana Thoya?”

“Ningemwambia kifaa ni kizuri, azifunge bunduki zote saba. Ili asiniulize kwa nini kimenishinda.”

Kicheko kikaisha. “Basi nipe mimi nipige. Mimi naiona.”

Chirau akakirudisha kikopo, akampa. Musyoki alilenga kisiki kilichokuwa nje ya pango, lakini mikono yake ya homa ilicheza kama majani ya mnazi. Mtutu ukapita kisiki, ukarudi, ukapita tena. Akaishusha. “Nikiiona, siwezi kuishika. Wewe unaishika, huioni.”

“Punguza mwanga,” Chirau akasema, akijisemea mwenyewe. Akakizungusha kitufe kinyume cha mazoea yake yote, chini, chini zaidi. Mkia ukafupika. Kwa dakika moja moyo wake ulijaa shukrani, hadi alipoulekeza mtutu kwenye mwanga wa jua na nukta ile hafifu ikafutika kabisa. Ikiwa kali ilimdanganya, na ikiwa pole ilimtoroka.

Akakitoa kikopo mara ya pili. Chini yake, nyuma ya bunduki, kilikuwako kigurudumu kidogo cha chuma chenye matundu, kile ambacho vijana walikiita chombo cha wazee. Akaweka jicho tunduni. Tundu likaikata miale yote ya kando, likauacha upenyo mmoja tu mwembamba, na ndani ya upenyo huo kikasimama kinara cha mbele cha bunduki, cheusi, kimoja, wima kama herufi ya alifu iliyoandikwa sasa hivi kwa wino mpya.

Lakini palikuwa na khofu moja. Kikopo kilikuwa kimerekebishwa juzi kwa risasi sitini. Tundu lilikuwa halijajaribiwa tangu mwaka uliopita, na tangu hapo bunduki ilikuwa imeanguka mtoni. Nani ajuaye kama bado lilikuwa limenyooka? Kulijaribu kungekula risasi moja, naye alikuwa na mbili.

“Unachagua kipi, mzee?”

“Nachagua ninachokiona. Lililobaki si langu.”

Akakitia kikopo mfukoni, wakatoka.

Jua lilikuwa kichwani walipofika kwenye bonde la mwisho. Ng'ambo yake zilionekana miembe ya watu na moshi wa jiko. Chirau alikuwa akivuta huku ameinama, kamba imemchuna mabega, Musyoki akabana meno kwa kila jiwe. Mabua ya matete yakatikisika upande wa kushoto, na upepo haukuwapo.

“Afande. Kushoto.”

“Nimesikia. Lala. Usisogeze hata kidole.”

Nyati hakungoja. Alitoka mateteni kwa kishindo, shingo imevimba juu ya waya, matope yakiruka nyuma yake. Hatua thelathini. Chirau alipiga goti mbele ya turubai, akaweka jicho tunduni, na dunia nzima ikawa duara dogo lenye alifu katikati. Hatua ishirini. Pua ilikuwa imeinuliwa, akangoja. Musyoki nyuma yake aliita kwa Kikamba jina la mamaye. Hatua kumi na mbili. Kichwa kikashuka ili kupiga, na alifu ikakaa pale pembe mbili zinapokutana, kidole kimoja chini yake.

Risasi ilimwingia. Magoti ya mbele yakakunjika, mwili ukaja ukiserereka juu ya tope hadi pua yenye damu ikasimama urefu wa mkono kutoka goti la Chirau. Mguu wa nyuma ulikuwa bado unachimba. Akainuka, akatumia risasi ya mwisho nyuma ya sikio, na akautazama ule waya uliozama ndani ya nyama.

“Inna lillahi,” akasema. “Haya hukuyataka wewe.”

Milio iliwaleta watu. Mkulima mmoja aitwaye Kavumbi alikuja mbio na ndugu zake wawili, na walipomwona mgonjwa wakarudi kuchukua kitanda cha kamba, wakakigeuza machela, wakampandisha mabegani kama wanavyobeba maiti.

“Msinifunike uso,” Musyoki akawaomba. “Watu watanililia bure.”

Kabla ya Alasiri walikuwa wamefika barabarani, na kabla ya Magharibi kijana alikuwa juu ya meza ya wapasuaji katika hospitali ya Msambweni.

Mguu ulibaki. Daktari alisema ungekuwa mfupi kidogo, na kwamba saa sita zaidi zingeuondoa. Bwana Thoya alikuja asubuhi ya pili, akamkuta Chirau amekaa kwenye benchi la ukumbi wa wodi, nguo zile zile, bunduki tupu magotini.

“Pole sana, Sajini. Nimesikia kazi uliyoifanya. Hata hivyo wakubwa wa Mombasa wananidai jibu. Kipi?”

Chirau akasimama. “Kifaa ni kizuri, afande. Musyoki anaiona nukta mviringo. Yeye na wenziwe wapewe. Lakini asipewe mtu kabla ya kutazama mwenyewe, akasema ukweli anaouona, na kwa mwenye jicho kama langu lisitolewe tundu.”

“Jicho kama lako lina nini?”

Akamweleza. Hakupunguza: miaka mitatu, ubao wa herufi, foleni, risasi mbili zilizopotea. Uso wa Bwana Thoya ulibadilika polepole.

“Miaka mitatu umekuwa ukiwaongoza watu wangu msituni.”

“Naam.”

“Kama nyati yule angewajia ulipokosa mara ya kwanza, ningekuwa nazika watu wawili.”

“Naam, afande. Usemavyo ndivyo.”

Thoya akanyosha mkono. Chirau akaupitisha mkanda wa bunduki juu ya kichwa, akamkabidhi. “Utakwenda kupimwa leo hii,” Thoya akasema. “Kwa miwani au bila miwani, nitakachoamua nitakuandikia.” Akaondoka, viatu vyake vikilia sakafuni kwa muda mrefu.

Mlangoni mwa wodi alikuwa amesimama mwanamke mrefu, kanga mbili mabegani, sufuria iliyofunikwa mkononi. Chirau hakujua alikuwa amesikia kiasi gani. Alikuwa Syovata, mama yake Musyoki, aliyeshuka kutoka Shimba Hills kwa miguu kwa kuwa njia zilikatika.

“Wewe ndiwe uliyekosa mara mbili?”

“Ndimi, mama.”

“Mwanangu ameniambia. Amesema pia ulimvuta karibu kilomita tisa na hukumwambia uongo mwingine.” Akamtazama mabega, pale shati lilipogandamana na damu kavu. Chirau aliyainamisha macho yake, akangoja hukumu ya pili ya siku hiyo.

Syovata akaketi benchini, akaifunua sufuria, mvuke wa maharagwe ukapanda kati yao.

“Keti,” akasema. “Nitakukasirikia ukishashiba.”